Tupeane uzoefu: uliitwa kumtumikia Mungu ukajiona hufai, ilikuwaje?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na kwa ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Nimechaguliwa mzee wa kanisa mtaani kwetu. Chuo cha Biblia sijawahi kukanyaga, na nikiambiwa niombe mbele za watu natoka jasho. Mchungaji kanituma nikasome Kutoka 3 na 4. Nimesoma. Musa anasema ulimi wake mzito, Mungu anamjibu, bado anaomba atumwe mwingine mpaka Mungu anakasirika. Kilichonigusa ni kwamba hatuambiwi popote pale kama ule ulimi uliponywa. Alipewa Haruni, wakaenda wawili.

Mliopitia haya nipeni yaliyowakuta. Mahubiri nimeshayasikia ya kutosha.

Katekista wa kijijini:
Milele amina. Mimi niliishia darasa la saba. Padre hufika kigangoni kwa nadra, Jumapili nyingine ibada naongoza mimi, na mazishi pia. Mazishi yangu ya kwanza yalikuwa ya mtoto mchanga. Niliandaa maneno, nilipomwona mama yake yote yakayeyuka. Nikasoma Zaburi ya 130, "Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia", nikakaa. Nilijua nimeaibisha parokia nzima. Jioni yule mama akatuma mtu niende tukasali rozari nyumbani. Usidhani hofu imeisha, ndugu. Mpaka leo nikisikia kuna msiba tumbo linanikoroga, na naenda hivyo hivyo.

Mwalimu wa watoto:
Wangu wanauliza Kaini alimwoa nani. Nawaambia Biblia haikumtaja jina, tuendelee na wimbo. 😂 Yeremia naye alijitetea kwamba ni mtoto, kwa hiyo umri usikutishe.

Mama Tumaini:
Nitatofautiana nanyi kidogo. Niliombwa niwe mhazini wa usharika nikakataa, na sijutii. Mimi na hesabu hatuelewani, na sadaka za watu si pa kujifunzia. Tusikimbilie kumwambia kila anayesita kwamba anamkimbia Mungu kama Yona. Wengine hawafai kwa kazi hiyo, basi. Nikaomba nipelekwe kwa wagonjwa.

Mleta mada:
Dada, ulijuaje kwamba huko ndiko?

Mama Tumaini:
Wala sikujua. Nilifuatana na mama mmoja wa umoja wa wanawake kwenda hospitali ya wilaya. Yeye anaongea na kuomba, mimi nabeba chupa ya uji, namnywesha asiye na ndugu. Tuko hivyo hadi leo. Kuomba kwa sauti bado sijaweza, na hakuna mgonjwa aliyewahi kunidai.

Mleta mada:
Umenisaidia sana. Kuna mzee wa zamani hapa mtaani, anaomba mpaka unasisimka, ila miguu haimpeleki mbali. Nina pikipiki. Nitamwomba tuzungukie nyumba pamoja.

Naingizwa kazini Jumapili ijayo. Hivi suti ni lazima, au shati na tai vinatosha?