Chuo cha biashara kinatumia AI kutuvuta, kutufundisha na kutusahihishia. Ikikosea, tunalipa sisi

Wakuu, heshima kwenu. Nimekasirika na sitaficha. Nasoma MBA ya jioni hapa Dar, kwenye chuo ambacho sitakitaja kwa sababu bado sijamaliza na wenzangu kadhaa wanadaiwa ada. Walioko humo watajua nazungumzia wapi.

Nianze na udahili. Ukifungua ukurasa wao unakuta namba ya WhatsApp. Unaandika salamu, unajibiwa papo hapo na dada mwenye jina na picha, hata iwe saa nane usiku. Ukinyamaza siku mbili anakufuata: nafasi zimebaki chache, je, bado una ndoto ya kuwa kiongozi? Hakuna palipoandikwa kwamba yule si mtu. Nilimuuliza swali moja la msingi: ada inalipwaje? Mimi ni mwajiriwa, nilikuwa nataka kukopa SACCOS ya kazini na lazima nijue nakopa kiasi gani. Akanijibu kwa uhakika kabisa: awamu nne zilizo sawa, na ukilipa ya kwanza unasajiliwa. Nikakopa kwa hesabu hiyo. Siku ya usajili, dirisha la uhasibu wananiambia asilimia 60 kwanza, bila hiyo hakuna usajili. Nikawaonyesha simu. Mama wa dirishani akasoma mazungumzo yote taratibu, akanirudishia simu, akasema: "Hiyo ni mashine mwanangu, sisi hatuhusiki nayo."

Hamhusiki nayo vipi? Namba ni ya chuo. Nembo ni ya chuo. Pesa niliyolipia fomu kwa maelekezo ya hiyo mashine iliingia akaunti ya chuo, na hakuna aliyesema haihusiki.

Utetezi huu Air Canada waliujaribu na ukakataliwa. Abiria aliyefiwa aliuliza roboti ya tovuti yao kuhusu nauli nafuu ya msiba, ikamwambia asafiri kwanza kisha aombe kurudishiwa tofauti. Alipoomba wakamnyima. Kwenye baraza la madai la British Columbia kampuni ilifika mahali pa kudai roboti ni kitu kinachojitegemea, kinachowajibika kwa maneno yake chenyewe. Februari 2024 baraza likakataa hoja hiyo na kuamuru abiria alipwe: kilichoko kwenye tovuti yako ni chako, kiwe kimeandikwa na mtu au na programu. Najua hukumu ya Kanada haiifungi mahakama yetu. Lakini hoja yake mtu yeyote mwenye akili timamu anaielewa, sasa chuo kinachofundisha sheria za biashara kinashindwaje kuielewa?

Mwenzangu wa ofisini yamemkuta makubwa zaidi. Ana Stashahada ya Juu ya Uhasibu, zile za miaka ile kabla vyuo vyetu havijahamia kwenye digrii, na juu yake ana CPA, cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu. Watu wenye cheti kile wamesoma uzamili nchi hii, wengine leo ni wakurugenzi. Amepakia vyeti, dakika chache tu barua pepe imeingia: hana sifa, kiwango chake ni stashahada. Mfumo umeona neno "stashahada" ukaishia hapo. Alipopiga simu kuomba mtu, mtu mwenye macho, amsomee kile cheti, aliambiwa mfumo ndio unaochuja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inatupa haki ya kupinga uamuzi mzito unaotolewa na mtambo peke yake bila binadamu. Pale hakuna anayeonekana kuijua.

Sasa njooni darasani, huku ndiko damu inakochemka.

Muhula huu tuna uhasibu wa menejimenti. Mhadhiri katuletea kisa cha kujadili, kampuni ya kusindika sangara Mwanza. Slaidi zimepangwa vizuri, rangi, michoro, kila kitu. Slaidi ya nne inasema kampuni ina leseni ya biashara kutoka Kaunti ya Mwanza. Mbele kidogo inasema inawasilisha ritani za VAT kupitia iTax. Tangu lini Mwanza ikawa na kaunti? iTax ni mfumo wa KRA wa Kenya, sisi tunashughulika na TRA! Tukavumilia mpaka tukafika kwenye mizania, ambapo mali lazima zilingane na madeni jumlisha mtaji. Mali milioni 840. Madeni na mtaji, jumla milioni 790. Milioni 50 haijulikani ziko wapi. Darasa lile lina wahasibu wanaofunga hesabu za kampuni kila mwezi, mikono ikanyooka pande zote. Mhadhiri akasema tuangalie dhana, namba zisitusumbue. Kwenye uhasibu! Halafu mwisho wa slaidi, kwa herufi ndogo, imebaki sentensi ya Kiingereza ambayo hakuikumbuka kuifuta, inauliza kama angependa iandaliwe pia maswali ya majadiliano.

Yaani hata kusoma alichokileta hakusoma. Kaingia na kitu ambacho nacho anakiona kwa mara ya kwanza pamoja na sisi.

Na si kwetu tu. Mwaka 2025 mwanafunzi wa biashara wa Northeastern University, Boston, alikuta mabaki ya ChatGPT kwenye notisi za mhadhiri wake, akadai arudishiwe ada ya somo lile, zaidi ya dola 8,000. Chuo kilimkatalia, lakini angalau aliitwa kwenye vikao na suala lake likasikilizwa. Sisi tulipouliza, mwakilishi wa darasa aliambiwa tuache kumdhalilisha mwalimu.

Tunacholipia kwenye MBA ni nini? Nilitegemea kisa cha sangara kitoke kwa mtu aliyekaa na mwenye kiwanda, akajua dizeli ya mitumbwi imepanda kiasi gani, mabondo yanauzwa wapi na kwa bei ya nani, kwa nini mashine zinafanya kazi chini ya uwezo wake huku mkopo wa benki unakimbia. Mambo hayo yapo, watu wapo, basi la Mwanza linaondoka kila siku. Kisa kama hicho kinakufundisha kuamua. Hiki tulicholetewa hakina mtu hata mmoja ndani yake aliyewahi kukosa usingizi kwa sababu ya mshahara wa wafanyakazi.

Msinielewe vibaya, AI naitumia kazini kila siku na nataka nifundishwe kuitumia vizuri. Januari 2023 profesa wa Wharton, shule ya biashara ya Marekani, Christian Terwiesch, aliipa ChatGPT mtihani wake wa MBA wa usimamizi wa uzalishaji, akaona ingestahili B au B-. Akaandika pia kwamba inafanya makosa ya ajabu kwenye hesabu za kiwango cha darasa la sita. Aliipima, akaonyesha inapoweza na inapoanguka, wanafunzi na walimu wakajua washike wapi. Kazi ya mwalimu ndiyo hiyo. Mhadhiri wetu angekuja na ile mizania akasema "tafuteni mashine imekosea wapi", ningetoka darasani nimeridhika.

Mbaya zaidi, sisi tunapigwa rungu kwa kitu hichohicho. Kuna dada tunasoma naye, ni karani wa benki, mtu makini. Asaimenti yake imepitishwa kwenye programu ya kugundua AI, ikasema asilimia 62, akapewa sifuri. Alileta rasimu zake zilizoandikwa kwa kalamu, zenye mishale na maneno yaliyokatwa. Hakuna aliyezishika. Watafiti wa Stanford walionyesha mwaka 2023 kwamba programu hizi zinawaonea watu ambao Kiingereza si lugha yao: zaidi ya nusu ya insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni, zilizoandikwa na watu, zilihesabiwa kuwa ni za AI. OpenAI wenyewe, walioitengeneza ChatGPT, waliondoa kigunduzi chao Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwezi uliofuata Vanderbilt University ya Marekani wakakizima kigunduzi cha Turnitin, programu ya kukagua kazi za wanafunzi. Sisi wa Kiingereza cha shuleni, kilichonyooka kwa kukaririshwa, tunaadhibiwa kwa namba ambayo hata mhadhiri hawezi kuieleza imetoka wapi. Kama anamshuku mtu, amwite amuulize kazi yake kwa mdomo. Dakika kumi zinatosha kumjua aliyeandika na ambaye hakuandika.

Maoni ya usahihishaji ndiyo usiseme. Watu watatu tumepata aya ileile neno kwa neno, ya mmoja wetu ikiwa na jina la mwingine.

Darasa tumeandika barua kwa mkuu wa kitivo, nakala kwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tunataka ahadi za ada zilizotolewa na ile namba zitekelezwe kama zimetolewa na ofisa. Tunataka yule dada wa WhatsApp ajitambulishe kuwa ni programu kwenye ujumbe wake wa kwanza, na kila aliyekataliwa na mfumo apate jina la mtu wa kumsomea vyeti upya. Na ile sifuri ifutwe.

Wanasheria mlioko humu naomba mnisaidie hili: kwa Sheria yetu ya Mikataba, maneno ya ile roboti yanahesabika kuwa ya wakala wa chuo? Na ninyi mliodahiliwa kupitia WhatsApp, chuo chochote kile, mkaahidiwa awamu, punguzo au kusamehewa masomo, msifute mazungumzo. Pigeni skrinishoti zenye tarehe na namba zikionekana. Barua inaondoka Ijumaa, nataka viambatisho viwe vingi.