Statiksi mwaka wa kwanza: nikisoma naelewa, nikifika kwenye kwizi naganda

mwaka_wa_kwanza
Wadau habari zenu. Nasoma uhandisi mitambo mwaka wa kwanza, kalkulasi naenda nayo vizuri tu ila statiksi, lile somo la nguvu kwenye vitu vilivyotulia, ndo inanitoa jasho. Mwalimu akifundisha namwelewa, nikiangalia maswali yaliyofanywa kitabuni kila mstari naona sawa kabisa, sasa nipe karatasi tupu na boriti yenye mizigo, naanza kumwaga fomula hovyo na mwisho napata jibu lenye alama ya kutoa ambalo hata sijui lina maana gani. Kwizi mbili zote nimefeli, nimefika mahali najiuliza kama uhandisi ni wangu kweli. Nyie mlitokaje hapa?

fundi_nati
Pole mdogo wangu. Kabla ya fomula huwa unachora? Simaanishi kunakili picha ya swali, namaanisha unakitoa kile kitu peke yake, ukuta unaondoa, nguzo unaondoa, na kila ulichoondoa unaweka nguvu zake pale pale kilipokuwa. Rola (egemeo linaloweza kuteleza) inatoa nguvu moja tu, pini (egemeo lisiloteleza ila boriti inaweza kuzunguka hapo) mbili, ukuta ulioing'ang'ania boriti unatoa nguvu mbili na momenti, yaani msukumo wa kuzungusha, nguvu mara umbali. Milinganyo unayo mitatu: mlalo jumla sifuri, wima jumla sifuri, momenti jumla sifuri. Ukihesabu visivyojulikana, yaani nguvu na momenti unazotafuta, ukapata vinne kwenye boriti moja ya kawaida, simama hapo hapo urudi kwenye mchoro.

Chukua boriti ya mita 6, uzito wake tusiuhesabu, pini kushoto A, rola kulia B, mzigo wa kN (kilonyutoni) 12 uko mita 2 kutoka A. Piga momenti kwenye A, nguvu za pini zote zinajifuta kwa sababu zinapita hapo hapo, inabaki 12 mara 2 gawa kwa 6, B inabeba kN 4 na A inabeba 8. Hakiki upande wa B: 8 mara 6 ni 48, 12 mara 4 ni 48. Na hata bila hesabu ungeona mzigo uko karibu na A, lazima A ielemewe zaidi.

Alama ya kutoa isikutishe, mshale wako ulielekeza kinyume basi. Ila usiugeuze katikati ya hesabu, malizia nayo hivyo hivyo.

zege_na_nondo
Naunga mkono, ila mimi naona tatizo lako kubwa ni kusoma majibu ya mtu. Funika jibu, hangaika nalo hata nusu saa, ndo ufunue. Mimi nilifaulu nilipoanza kufanya hivyo, kabla ya hapo nilikuwa najidanganya kwamba naelewa. Pia andika vizio kila mstari, usichanganye N na kN. Mwaka 1999 chombo cha NASA cha Mars Climate Orbiter kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vizio vya pauni wakati nyingine ilitegemea nyutoni, na hao walikuwa mainjinia wazoefu.

mwaka_wa_kwanza
Asanteni sana jamani. Nimerudia swali la kwizi kwa kuchora upya na nimeona kosa, kwenye rola niliweka na nguvu ya mlalo, ndo maana nilikuwa na vinne visivyojulikana!! Sasa mzigo uliotandazwa, naugeuza kuwa mmoja wa katikati siku zote?

fundi_nati
Safi sana. Ukiwa sawasawa urefu wote, ndio, katikati. Ukiwa wa pembetatu unakaa theluthi moja ya urefu kutoka upande mnene. Ila hiyo ni ya kutafuta nguvu za kwenye pini na rola tu, siku mkianza kukata boriti kutafuta nguvu za ndani, kata kwanza mzigo ukiwa umetandazwa vile vile, halafu ugeuze ule uliobaki kwenye kipande chako.