Jiko la moshi: la mkaa au la peleti kwa mtu wa Mbeya? Shemeji anafunga kontena

Kijana wa Iwambi

Wakuu habari za jioni.

Naomba ushauri, na muda si mwingi. Shemeji yangu yuko Houston, anafunga kontena la gari na vitu vya nyumbani. Kanipigia juzi anasema imebaki nafasi ya kitu kimoja kikubwa, nichague. Yeye anang'ang'ania aniletee jiko la moshi (la kuivisha nyama polepole kwa moshi) la peleti, lile la umeme: unajaza vipande vidogo vya mbao iliyoshindiliwa, unaweka joto unalotaka, unaenda kulala. Mkaa kwake ni mateso. Mimi nilikuwa nataka kumpa fundi pipa hapa Sido anichomelee la mkaa, yaishe.

Matumizi yangu ni familia na wageni wa Jumapili. Zaidi ni kitimoto, bega na mbavu, mara moja moja kuku wa kienyeji, na samaki wakipanda kutoka Kyela. Nyuma ya nyumba nina kibanda cha bati kilicho wazi upande mmoja. Umeme upo, ila mnaujua. Baridi ya Juni na Julai nayo mnaijua.

Nimesoma sana mtandaoni lakini wanaobishana ni Wamarekani, na wao peleti ziko duka la jirani. Namtafuta aliyetumia huku kwetu nyanda za juu. Wa "nenda baa kanunue nyama choma" wapite kimya kimya. Nawasilisha.

Mchele wa Mbarali

Ngoja waje wenye ujuzi. Mimi nimeshavuta kigoda na wali ninao, ninachosubiri ni nyama tu.

Fundi Volti

Mkuu, kabla hujafika kwenye ladha mwambie shemeji asome kile kibandiko cha umeme mgongoni mwa jiko. La kule litakuwa limeandikwa 120V, 60Hz. Sisi tuko 230V, 50Hz. Ukilichomeka hivi hivi, saketi yake utaizika siku hiyo hiyo.

Utaniambia utanunua transfoma ya kushusha. Sawa. Ulaji si mkubwa: kiwashio kinavuta kama wati 300 dakika za mwanzo, kikishazima mota na feni kwa kawaida havifiki wati 100, LUKU haitalia. Shida ni kwamba transfoma inashusha volti tu, Hz haizigusi. Kama mota inayosukuma peleti ni ya AC (ile inayofuata Hz za umeme), kwenye 50Hz inazunguka taratibu, karibu sehemu moja ya sita pungufu, na peleti zinazoingia motoni zinakuwa chache kuliko jiko lenyewe linavyodhani. Za DC hazina tatizo hilo. Kuna pia matoleo ya 230V yanayouzwa Ulaya, ila hilo la Houston silo.

Halafu umeme ukikatika nyama ikiwa ndani: feni imesimama, parafujo la kusukuma peleti limesimama, moto kwenye kikombe zinamochomwa peleti bado unawaka. Unaweza kufa wenyewe, au ukarudi polepole kufuata peleti kwenye bomba hadi tangini. Na umeme ukirudi usikimbilie kubonyeza. Fungua, ondoa peleti zilizolundikana kwenye kikombe, ndipo uwashe. Kuna watu wameunguza nyusi kwa haraka hiyo.

Mama wa Uyole

Mwanangu wa Iwambi (kama una mvi nisamehe), mimi huu moshi ndio kazi yangu ya mwisho wa wiki. Naandaa kitimoto cha oda, kamati za send-off zinanijua. Nilijifunza nikiwa jikoni kwenye kambi ya mgodi kule Chunya. Mpishi wetu mkuu alitoka Afrika Kusini, mtu mkali, hakuruhusu mtu afunue mfuniko bila kumwomba.

Wote mnaongelea jiko. Mimi nakuuliza, mwaka wa pili utachoma nini? Jiko la peleti kwenye joto la kuivisha polepole linakula kama nusu kilo mpaka kilo moja kwa saa. Bega la nguruwe ni kazi ya masaa nane hadi kumi. Mfuko wa kule ni paundi 20, yaani kilo 9. Bega moja, mfuko mmoja, pengine ukabaki kidogo. Sasa mwambie shemeji aijaze mifuko kwenye hilo kontena kisha uhesabu Jumapili zako. Zikiisha una kabati zuri la chuma nyuma ya nyumba.

Na peleti haipendi unyevu. Ikilowa inavimba inarudi kuwa unga wa mbao, inaziba lile parafujo. Kwa ukungu wa huku utaziweka kwenye ndoo zenye mfuniko wa kubana, ndani ya nyumba, si kibandani.

Mkaa tunao, wa miombo kutoka Chunya, wa miwati kutoka Njombe. Ila msikilize mama: ladha ya moshi haitoki kwenye mkaa. Mkaa ni joto. Moshi wenye ladha unatoka kwenye kipande cha mti unachokiweka juu yake. Mimi natumia mpera na mkahawa. Wakulima wa Mbozi wakipogoa kahawa, yale matawi manene wengi wanayaona kuni tu. Nayachukua, nayakausha chini ya bati miezi kadhaa, nakata vipande vya ukubwa wa ngumi. Vitatu au vinne vinatosha bega zima. Mwembe pia mzuri. Msindano usiuguse, ule utomvu unaleta masizi na uchungu. Mkaratusi nao nauacha, nyama inanuka dawa ya kifua.

Pipa ni la lita 200, lakini uliza lilibeba nini. La mafuta ya kula ndilo zuri. La dawa za shamba au kemikali usilikubali hata wakikupa bure. Lichomwe moto mkali ndani mpaka rangi yote itoke. Fundi atoboe matundu matatu chini, aweke mabomba ya robo tatu inchi yenye koki. Yawe ya chuma cheusi, si yale ya maji yaliyopakwa zinki, maana zinki ikiungua moshi wake ni sumu. Juu kwenye mfuniko matundu manane ya nusu inchi. Kikapu cha mkaa cha wavu mzito chenye miguu, ili majivu yadondoke yasizibe hewa. Wavu wa nyama uwe kama sentimita 60 juu ya mkaa.

Kuwasha ndiko kunakowashinda wengi. Hujazi mkaa ukauwasha wote. Jaza kikapu mkaa mbichi (ambao haujawashwa), vile vipande vya mti vichanganye humo humo, kisha washa mkaa kidogo pembeni kwenye jiko la kawaida (mafuta ya taa hapana!), ukishaiva uumwage juu katikati. Moto unashuka wenyewe taratibu usiku kucha. Unaongoza kwa koki za chini. Joto likikaribia nyuzi 110 za Sentigredi anza kubana, usingoje lifike unakotaka, kwa sababu kulishusha ni kazi kuliko kulipandisha. Mimi nakaa kati ya 110 na 130. Mkaa wetu haulingani, mabonge na chenga, kwa hiyo chekecha. Chenga zikijaa chini hewa haipiti.

Moshi mweupe mzito ukitoka, nyama isiingie. Ule ni uchungu mtupu. Subiri mpaka uwe mwembamba, wa samawati, karibu huuoni.

Na sasa jambo ambalo wale wa mtandaoni hawatakwambia kwa sababu wengi wao wako chini. Mapishi yao yanasema bega litolewe likifika nyuzi 95 ndani. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye 94 hivi. Nyama ni maji. Ukiisubiri 95 utakesha, na ikifika imeshakauka. Mimi kuanzia 90 naanza kuchoma na kijiti cha mshikaki, kikiingia bila kukwama na mfupa ukitikisika, natoa. Hapo katikati itasimama kwenye 65 au 70 kwa muda mrefu bila kupanda. Usiongeze moto. Ni jasho la nyama linaipoza. Ukichoka kusubiri, ifunge kwenye foili.

La mwisho, kwa kuwa ni nguruwe: nunua yenye mhuri wa mkaguzi. Tegu wa nguruwe tunaye mikoa hii. Bega likifika 90 hana maisha, ila mbavu na vipande vyembamba watu wanavitoa mapema kwa uchu.

Mhehe wa Kihesa

Kamwene wote. Mama wa Uyole heshima yako, shikamoo, ila mbona umeliua jiko la watu kabla halijashuka bandarini?

Mimi ninalo la peleti hapa Iringa. Sikulitoa Marekani, nililitoa Afrika Kusini, likapita Tunduma. Kule umeme ni 230V, 50Hz kama wetu, kwa hiyo hadithi yote ya Fundi Volti hainihusu. Peleti naletewa na rafiki yangu wa malori. Jiko nimeliunganisha na inveta na betri, umeme ukikatika halijui. Saa nne usiku naweka bega, nalala, asubuhi kabla ya misa naamka nyumba nzima inanukia. Nyie wa pipa saa nane za usiku mko nje na tochi na blanketi mnachungulia koki. Kwenye baridi ya Julai! Na siku ya upepo pipa linapanda na kushuka, langu linajirekebisha.

Nitakubali kitu kimoja: moshi wake ni mwepesi. Anayependa nyama iliyokolea kama ya mama atasema ni ya oveni. Mke wangu lakini anaipenda hivyo hivyo.

Mama wa Uyole

Marahaba baba. Huyo rafiki wa malori akibadilishiwa njia akapelekwa Rusumo utakula nini? 

Na pipa langu likishatulia sitoki nje usiku. Naweka kipimajoto cha waya chumbani, kikilia ndipo naamka.

Mkazi wa Mafinga

Kabla mtu hajauliza, maana huwa linakuja: kwa nini tusitengeneze peleti kwa maranda ya Mafinga? Maranda yapo, njoo uone vilima nyuma ya viwanda vya mbao. Lakini msitu wa Sao Hill na mashamba ya watu huku ni msindano na mkaratusi. Peleti yake ni nzuri kwa jiko la kupikia ugali, moto uko chini na sufuria iko juu yake. Kwenye nyama moshi unaigusa moja kwa moja. Na peleti haifungwi na gundi. Unga mkavu unasukumwa kwenye matundu ya chuma kwa nguvu kubwa mpaka unapata moto na mti wenyewe unajishika. Si mashine ya kuchomelea gereji.

Raia Mwema wa Soweto

Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia 2024 hadi 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wametoka kwenye kuni na mkaa, na nyie mnafundishana mapipa.

Mama wa Uyole

Ugali, maharage na chai napikia gesi, na wewe natumaini. Pipa ni la oda. Kikapu kimoja kinaivisha mabega manne kwa pamoja, na nikimaliza nafunga koki zote, mkaa unazima, uliobaki nautumia tena. Wewe nenda kwanza kwa wachoma mahindi.

Kijana wa Iwambi

Mama shikamoo, na asanteni wote. Mvi bado, niite mwanao.

Nimeongea na shemeji. Amechukia kidogo. Nimemwambia jiko aliache, badala yake alete kipimajoto cha waya mbili (moja ya nyama, moja ya pipa) kinachotumia betri, foili pana, na hiyo nafasi iliyobaki aweke baiskeli ya mtoto. Mhehe, la kwako la Tunduma nimeliweka akilini nikipata hela na rafiki wa malori.

Mama, maswali mawili. Kibanda changu kina bati juu, kimo cha mtu mrefu. Kinafaa? Na samaki nawafanyaje?

Mama wa Uyole

Marahaba mwanangu. Pipa likae upande ulio wazi, si katikati, na mgongo wa kibanda uelekee upepo. Mfuniko unapofunuliwa moto unaweza kuruka, kwa hiyo usiwe na nguo wala magunia karibu. Na usiku wa baridi asije mtu akalivuta ndani au kwenye korido eti tuote moto. Mkaa unaua watu wamelala, hata ule usiotoa moshi.

Samaki ni kazi fupi. Mpasue mgongoni, mlaze kwenye maji ya chumvi saa moja, mfute, mwache penye upepo mpaka ngozi ishikeshike kidole. Akiingia na maji moshi unamganda mweusi. Mpera kipande kimoja tu, joto 90 hadi 100, saa moja na nusu au mbili kwa mnene. Ukiona utando mweupe unatoka juu ya nyama yake umezidisha moto. Paka wavu mafuta kwanza, la sivyo ngozi utaiacha pale.

Fundi ukimpata mwambie koki aziweke kwa nje ya yale mabomba, ziwe mbali kidogo na pipa. Wengi wanazibana karibu, na pipa likishapata moto huwezi kuzishika.