Shafti ya PTO ya Massey Ferguson 35: mpya, ya trekta bovu, au ya kuchongesha?

Mkulima wa Cheju

Assalaam alaykum wanajukwaa. Ninalo Massey Ferguson 35, lile la Perkins silinda tatu. Kazi yake kubwa ni kulima na kuburuga mpunga hapa bonde la Cheju, mashamba yangu na ya majirani. Meno ya shafti ya PTO, ile inayotoka nyuma ya trekta kuzungusha zana, yameliwa vibaya. Rotaveta yangu, ile zana ya visu vinavyozunguka, inazungushwa na propela, fito lenye krosi (kiungo kinachopinda) kila mwisho. Kikombe cha krosi kinachovikwa kwenye shafti kinacheza juu yake hata nikikishika kwa mkono, na mwisho wa msimu rotaveta ikiingia kwenye tope zito unasikia mgongo mzima wa trekta unagonga.

Nataka kubadilisha kabla ya masika. Nimepewa njia nne na kila mtu anaapa kwa yake: niagize mpya Dar es Salaam, ninunue iliyotolewa kwenye trekta bovu, nichongeshe mjini, au nijaze meno kwa kuchomelea kisha yasawazishwe. Aliyewahi kuifanya kazi hii naomba aniambie ipi itahimili rotaveta. Kwa jembe la kawaida sina shida, maana halitumii PTO.

Fundi wa Wete

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Kwa rotaveta ya tope, nunua mpya. Nitakueleza kwa nini, usije ukaona nakutumbukiza kwenye gharama bure.

Shafti hiyo inazunguka mara 540 kwa dakika. Ikipeleka nguvu farasi 30, kila mzunguko inabeba msokoto wa karibu nyutoni-mita 400, na hapo hatujahesabu kisu kugonga jiwe. Kwa mzigo huo chuma hakitoshi kuwa kigumu nje. Ndani lazima kiwe na unyumbufu, kikisokotwa kirudi. Shafti za kiwandani hutengenezwa kwa chuma cha aloi, kisha hupashwa moto, huzimwa na kupashwa tena kwa kipimo.

Kwa bahati nzuri trekta lako ni la ukoo mkubwa. Massey Ferguson 35 na 135 zilienea dunia nzima, na India na Pakistan zimeendelea kuunda matrekta ya ukoo huo miaka mingi, kwa hivyo vipuri vyake havijakatika. Lakini usiagize kwa jina la trekta peke yake. Itoe ya zamani, upime urefu wote, meno ya mbele, meno ya nyuma na pale beringi inapokaa. Ukiweza, mtu aende nayo dukani mkononi. Shafti mbili zinaweza kufanana machoni zikapishana urefu, na hutalijua hilo mpaka mzigo umeshashuka bandarini Malindi, Unguja.

Bonde la Ole

Fundi, kwa heshima zote, kuchongesha si kubaya kama inavyosemwa. Mimi nina 135 huku Pemba na shafti yake ilichongwa. Inaendesha pampu ya maji na mashine ya kupura mpunga, na haijanisumbua. Kungoja kipuri kutoka Dar, kije Unguja, kisha kivuke tena mpaka Mkoani, wakati mwengine msimu unakuwa umeshapita. Fundi mchongaji yupo, chuma kipo, kazi inakwisha.

Fundi wa Wete

Sikukatalii, na pampu ni mfano mzuri. Mzigo wa pampu hauna mapigo, unakwenda sawasawa. Rotaveta inapiga, inaachia, inapiga tena, na bonde likiwa na mawe ndiyo zaidi.

Anayetaka kuchongesha aulize mambo mawili. Kwanza, chuma gani? Kipande cha nondo nene au chuma laini cha kawaida kitachongeka vizuri na kitang'aa, lakini ukikitia kwenye rotaveta meno yatasokotwa yasiwe tena sambamba na shafti. Kwa uchache kiwe chuma cha kaboni ya wastani, na bora kiwe cha aloi ya kromiamu na molibdenamu. Pili, meno yatakatwa kwa mashine gani? Mashine ya kuchongea peke yake inazungusha, haigawi meno sita kwa nafasi sawa. Inatakiwa mashine ya kukata yenye kigawanyo. Meno yakipishana hata kidogo, mawili ndiyo yanabeba mzigo wa sita.

Na asikubali mtu aipashe moto mpaka iwe nyekundu kisha aitumbukize kwenye maji basi. Inakuwa ngumu lakini inavunjika kama kigae. Baada ya kuzimwa lazima ipashwe tena kwa moto mdogo.

Kujaza kwa kuchomelea mimi siifanyi, hata mteja akinibembeleza. Chuma cha namna hiyo kikichomelewa bila kupashwa kwanza, kinapasuka pembeni mwa weldi, pale moto ulipoishia. Kisha joto linaipinda. Shafti iliyopinda inakula beringi na sili kila siku, na hapo oili itavuja mpaka uchoke.

Mzee wa Kinyasini

Vijana wangu, mmejibu swali la shafti, lakini hakuna aliyemuuliza mwenzetu kwa nini imeliwa. Shafti ya 35 haifi hivihivi.

Angalia kikombe cha propela kwa ndani. Kama meno yake nayo yameliwa, ukikivika kwenye shafti mpya kitaila kama kilivyoila ya mwanzo, na fedha yako imepotea. Hivi viwili hubadilishwa pamoja. Kisha angalia kipini kinachokikaza kikombe. Wengi kimepotea zamani wakafunga waya, kikombe kinatembea mbele na nyuma siku nzima.

La pili ni boliti ya kukatika. Rotaveta nyingi zina boliti iliyowekwa makusudi ikatike kisu kikigonga jiwe. Ikikatika mara mbili tatu mtu anachoka, anatia boliti ngumu yenye alama 10.9 ili apumzike. Jiwe likija, boliti haikatiki, basi hukatika kitu chengine chenye bei kubwa. Tia boliti ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha zana, na uwe nazo za akiba mfukoni. Huko Cheju ukikaribia sehemu za maweni utazihitaji.

La tatu, unapogeuza kichwa cha shamba, punguza mzunguko au zima PTO kabla ya kunyanyua rotaveta. Krosi ikipinda sana huku inazunguka kwa kasi, inapiga shafti kila mzunguko.

Kijana wa Kibokwa

Shkamoo wazee. Mimi nina Ferguson TE20 ya babu, ya kijivu, bado inawaka. Propela ya rotaveta haiingii, shafti yake ni nyembamba. Kuna mtu anauza kipande cha kuvika juu ili iwe nene. Nichukue hicho au nibadilishe shafti yote?

Fundi wa Wete

Marahaba. TE20 zilitengenezwa Coventry kuanzia 1946 hadi 1956, na shafti yake ni ya inchi 1 na 1/8, yaani milimita 28.6. Zana nyingi za leo zinataka inchi 1 na 3/8, karibu milimita 35. Pima kwa kalipa, usikisie.

Kile kipande cha kuvika kinakubalika kwa kazi nyepesi, lakini kina kasoro mbili. Kinairefusha shafti kwenda nyuma, kwa hivyo ukinyanyua zana propela inaweza kufika mwisho wake na kuisukuma beringi. Ya pili kubwa zaidi: shafti ndani yake inabaki ileile nyembamba. Nguvu ya shafti kuhimili msokoto inakwenda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo (kipenyo × kipenyo × kipenyo), na ukipiga hesabu ya unene wa nje, ya inchi 1 na 3/8 inahimili karibu mara 1.8 ya hiyo yako. Zipo shafti za TE20 zilizotengenezwa na mwisho mnene wa kisasa. Tafuta hiyo.

Jengine kwa TE20: ukikanyaga klachi PTO nayo inasimama, na pampu ya haidroliki inaendeshwa na mfumo huohuo. Rotaveta nzito si saizi yake. Mtafutie kazi inayolingana na umri wake, babu yako alikutunzia kitu kizuri.

Bi Mpunga

Samahanini nikiingilia mazungumzo ya vipuri. Naomba mnaobadilisha shafti mrudishe na kile kifuniko cha juu na bomba la plastiki la kukinga propela. Kila nikienda bondeni naona matrekta yanazunguka wazi, na sisi wanawake tunapita nyuma na kanga na mitandio, watoto wanafuata. Mara 540 kwa dakika ni mara 9 kwa sekunde. Nguo ikishikwa, dereva hawahi hata kugeuza shingo. Wanaume wenye kanzu pia. Kama kifuniko kimepotea, kitengenezwe kwa bati nene siku hiyohiyo fundi akiwa na trekta.

Mzee wa Kinyasini

Bi, umesema kweli na Mungu akulipe. Na dereva asishuke kwenye kiti kunasua majani huku shafti inazunguka.

Mkulima wa Cheju

Ahsanteni sana. Nimekwenda kukagua kikombe kama alivyosema Mzee, na meno yake yameliwa kuliko ya shafti. Pia nimeonyeshwa shafti ya trekta bovu kwa bei nzuri. Nitaijuaje kama ni nzima? Na kazi ya kutoa nitaweza mwenyewe?

Fundi wa Wete

Iangalie meno ukiiweka usawa wa jicho. Yakiwa yamejisokota hata kidogo, iache. Izungushe juu ya kioo uone kama imepinda. Pitisha ukucha pale sili inapokaa: kukiwa na mfereji, sili mpya itavuja. Piga tupa kwenye meno, na ikila kwa urahisi ujue chuma ni laini. Ikipita yote hayo, mimi ningeichukua, ndiyo ya pili baada ya mpya.

Kutoa utaweza. Oili ya giaboksi, ya nyuma na ya haidroliki ni moja, karibu lita 30, kwa hivyo andaa madumu safi. Ukilipaki pua ikiangalia mteremko itamwagika kidogo zaidi, lakini kama oili imekuwa na rangi ya maziwa, maji ya bondeni yameshapita kwenye sili, imwage yote. Safisha nje kwanza, maana pampu imo humohumo ndani na mchanga utaiua. Fungua boliti za kifuniko cha beringi, vuta shafti nyuma. Badilisha sili, beringi na gasketi hata kama zinaonekana nzima. Unaporudisha, izungushe pole pole mpaka meno ya mbele yapate njia yake, usipige nyundo.

Mkulima wa Cheju

Ile ya trekta bovu nimeipitisha ukucha, mfereji upo na mkubwa. Nimeagiza mpya pamoja na kikombe, sili na beringi, na ya zamani imepanda boti na mtu wangu aende akalinganishe dukani. Bati la kifuniko nimeshalikata.