Nimeandikiwa rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili na mimi si chizi. Niende?

Suka wa Semi:
Habari zenu wakuu. Mimi ni dereva wa semi, njia ya Tunduma naijua miaka kumi na moja sasa. Mwaka jana mwezi wa nane tulipata ajali mlima Kitonga, njia ya Iringa. Mimi nilivunjika mkono, tingo wangu hakutoka. Mkono umepona, ila usingizi sina. Lori likivuta breki za upepo karibu yangu nalowa jasho shati zima. Njia ya Iringa nimeikataa, bosi kaniweka kwenye kontena za bandarini.

Nilienda zahanati nikidhani ni presha. Daktari kapima, haipo, kanisikiliza kisha kaniandikia hospitali ya mkoa. Karatasi iko kwenye dashibodi wiki ya tatu. Nikionekana kwenye foleni ile si jina limeshaharibika? Bosi akijua atanipa tena funguo? Nasikia mshauri mwenyewe ni binti mdogo, hajawahi kushika usukani, ataniambia nini? Mama anataka nisomewe dua. Na dawa zao, ukianza ndiyo basi maisha?

Kiroboto:
Mambo ya kizungu hayo. Piga bia mbili ulale.

Nesi wa Zamu:
Kiroboto, hao wa bia mbili ndio tunaowapokea saa nane usiku.

Suka, pole sana, na pole kwa tingo wako. Nimekaa kliniki ya namna hiyo miaka sita. Kwenye foleni utakuta wenye kifafa, kina mama waliojifungua juzi, vijana wa chuo. Anayekuona pale naye ana kadi yake mkononi.

Daktari wa akili ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia ni mazungumzo, kama saa moja, mara nyingi kila wiki. Kwa mtu aliyepata ajali, mara 8 hadi 12 ni kawaida. Siku ya kwanza utaulizwa usingizi, chakula, kazi, na kama umewahi kutamani kufa. Hilo la mwisho lijibu kweli, wanamuuliza kila mtu. Kuisimulia ajali hulazimishwi. Baadaye atakusogeza taratibu kwenye kile unachokikimbia, maana kila ukikwepa Kitonga mwili unazidi kuamini kwamba Kitonga inakusubiri.

Dawa si lazima upewe. Ukipewa za sonona, huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha kazi na hazileti uraibu, ila usizikate bila kumwambia daktari. Siri yako haipelekwi kwa bosi. Wanaweza kuitoa pale maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini. Muulize mwenyewe kabla hujafungua mdomo: unaandika nini, na nani anasoma?

Sasa swali langu: hizi wiki tatu unalalaje?

Suka wa Semi:
Umenishika pabaya. Nanunua Valium duka la dawa la mtaani. Nilianza na nusu, sasa ni mbili. Asubuhi naingia barabarani.

Nesi wa Zamu:
Hiyo sasa ndiyo yenye uraibu, unayoiogopa unayo tayari. Usiiache ghafla, mwili ulioizoea unaweza kukuletea degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo na daktari. Itaje kabla hata ya ajali. Na tafadhali, ukiwa umezinywa usiguse usukani.

Mama Wawili:
Mwanangu, mama yako usibishane naye. Mimi nilipomzika mtoto nilisomewa dua na kliniki nikaenda, na shehe mwenyewe ndiye aliyeniuliza kama nimefika hospitali.

Ila nisikufiche, mshauri wa kwanza alikuwa mzee wa heshima zake, akanihubiria saa nzima. Nilitoka na mzigo uleule. Nikaomba mwingine, hawakukasirika. Wa pili ni binti, rika la kifungua mimba wangu. Hakusema mengi. Aliniuliza, "Mtoto alikuwa anapenda kula nini?" Tangu msiba watu walikuwa wananiambia nivumilie, hakuna aliyeniuliza hilo. Nililia mpaka saa ikaisha.

Kiroboto:
Suka, nilikuwa natania. Mbili kila siku na gari unaendesha? Nenda kaka.

Suka wa Semi:
Mama Wawili umenimaliza. Tingo wangu alikuwa hawezi kupita mizani bila kununua mahindi ya kuchoma, mawili, langu anatoa yeye hela. Sijawahi kumwambia mtu.

Jumatatu sina mzigo. Nesi, karatasi imemwagikiwa chai, mhuri unaonekana nusu. Wataipokea?

Nesi wa Zamu:
Wataipokea. Wahi saa moja, na hilo boksi la Valium njoo nalo.