Ukoo wa Mzee Selemani: Watoto waende Notting Hill au wasiende?

*Ijumaa, Agosti 22, 2025*

Shangazi Mwajuma: Assalam alaykum wanangu. Mama Rayan ameniambia Jumapili anawapeleka watoto kwenye sherehe ya mtaani huko London. Sasa jirani kaniletea hii.

Shangazi Mwajuma: [video, imesambazwa mara nyingi]

Shangazi Mwajuma: Watu wanakimbizana, askari wamejaa, mtu kalala chini. Hapo ndipo wajukuu zangu wanapelekwa??

Mama Rayan: Waalaykum salaam shangazi, shikamoo. Ni Kanivali ya Notting Hill, sherehe ya muziki na ngoma ya watu wenye asili ya visiwa vya Karibiani. Ipo kila Agosti, Jumapili na Jumatatu. Jumapili ndiyo siku ya watoto na familia.

Idrissa: Shikamoo shangazi. Hiyo video haina tarehe wala jina la mtaa. Usiitumie kwingine kwanza.

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Nimeshaituma kwa watu wawili.

Baba Mkubwa: Video tuiache. Mwaka jana pale waliuawa watu wawili. Mmoja ni mama aliyekuwa na mtoto wake wa miaka mitatu. Hilo lilitangazwa na vyombo vyote, si la kuletewa na jirani.

Mama Rayan: Najua Baba Mkubwa 😔

Mwanaidi London: Shikamooni wakubwa. Nilikuwa kazini, ndiyo nasoma sasa. Ni kweli Baba Mkubwa. Yule mama alichomwa kisu Jumapili hiyo hiyo ya familia, akafariki siku chache baadaye. Wa pili alikuwa mpishi, mgeni London, alishambuliwa Jumatatu usiku nje ya mgahawa mmoja mtaa wa Queensway. Hayo hayapunguzwi uzito na mtu yeyote.

Mwanaidi London: Lakini mimi naishi hapa hapa Ladbroke Grove, na siku zile huwa navaa kizibao cha huduma ya kwanza. Niwaambie tunachokiogopa sisi tulio chini pale?

Idrissa: Sema dada

Mwanaidi London: Kubanana. Watu wanakadiriwa kufika milioni mbili kwa siku mbili, hakuna tiketi, hakuna geti, na mitaa yenyewe ni ya nyumba zilizoshikana pande zote mbili. Penye spika kubwa watu wanasimama. Lori la muziki linakuja na wachezaji wake nyuma. Wengine wanamiminika kutoka stesheni. Wote hao wanakutana kwenye kona moja na hakuna hata uchochoro wa kuchepukia.

Mwanaidi London: Wakizidi watu watano kwenye mita moja ya mraba, huendi tena kwa miguu yako, unapelekwa. Na mtu hafi kwa kukanyagwa tu. Anakufa amesimama wima, kifua kimebanwa, hakipanuki kuvuta pumzi. Wa nyuma hawajui, wanaendelea kusukuma.

Shangazi Mwajuma: Mwanangu hilo mimi siambiwi. Mwaka 2021 Uwanja wa Uhuru, hapa kwetu Temeke, watu walipokwenda kumuaga Magufuli. Walikufa 45. Hakuna aliyekuja na kisu.

Baba Mkubwa: Innalillahi. Nakumbuka.

Shangazi Mwajuma: Nilifika mpaka karibu na geti. Nikasikia wanawake wanapiga kelele mbele na huku nyuma watu wanaimba. Nikageuza.

Mwanaidi London: Ndiyo hiyo hiyo shangazi. Na Seoul, Oktoba 2022, walikufa 159 kwenye kichochoro kimoja cha mteremko. Vijana waliotoka kwenda kufurahi.

Bi Zuhura: Jamani msisahau mchango wa bati za nyumba ya bibi, mwisho ni Jumatano. Samahani kwa kuingilia.

Idrissa: Nimetuma Bi Zuhura. Mwanaidi, sasa mbona kwenye televisheni hatusikii hayo? Kila mwaka ni visu na pingu.

Mwanaidi London: Kwa sababu kisu kina picha na kina mshitakiwa. Jumanne asubuhi polisi wanatoa hesabu ya waliokamatwa, na hesabu hiyo ndiyo inakuwa kichwa cha habari. Mtaa uliojaa kupita kiasi halafu ukafunguka bila mtu kufa hauna habari. Ninyi mtaonyeshwa maduka yaliyopigwa mbao madirishani, kama vile vita inakuja. Jirani yangu muuza vitambaa hupiga mbao kwa kuwa watu huegemea kioo chake mchana kutwa.

Mwanaidi London: Na polisi wenyewe wamelisema. Mkubwa wao mmoja, Matt Twist, aliwaambia wajumbe wa Baraza la London kwamba uhalifu ndio unaopata vichwa vya habari, lakini kinachowatia hofu zaidi ni msongamano, kwamba siku moja watakufa wengi kwa pamoja. Kauli hiyo ilipaswa kutangazwa kama zile pingu zinavyotangazwa.

Baba Mkubwa: Basi waongeze askari.

Mwanaidi London: Baba Mkubwa, askari ni kama 7,000 kila siku. Kuwalipa kunakula zaidi ya pauni milioni 10 kwa mwaka. Wanahitajika, na mwaka huu wameweka mageti ya ukaguzi na kamera za kutambua sura njiani kuingia. Mimi siwapingi. Ila askari akiacha kumtafuta mwenye kisu akaenda kusukuma watu warudi nyuma kwenye kona, kazi zote mbili zinalegea. Kona inataka wasimamizi waliofunzwa, wanaoujua mtaa, wa kufunga njia mapema kabla haijajaa. Hao ndio wachache.

Idrissa: Wachache kwa sababu gani?

Mwanaidi London: Pesa. Mwezi wa sita mwenyekiti wa kanivali aliiandikia serikali, kwa waziri wa utamaduni Lisa Nandy, akiomba fedha za haraka. Barua ikavuja kwa vyombo vya habari. Walishafanya tathmini huru na ikaonyesha kasoro kubwa za usalama. Mwezi wa saba ndipo Meya wa London na halmashauri mbili za hapa wakatoa pauni 958,000. Mwezi mmoja kabla ya sherehe! Msimamizi unamtafuta lini, unamfundisha lini?

Mwanaidi London: Linganisheni wenyewe hiyo na ile milioni 10. Hapo ndipo roho yangu inauma. Tunalipia kukamata kuliko kuzuia.

Baba Mkubwa: Basi waihamishie uwanja wa wazi. Si wana bustani kubwa pale, Hyde Park? Geti, tiketi, hesabu ya watu. Yamekwisha.

Mwanaidi London: Wapo wanasiasa wanaosema hivyo. Lakini Baba Mkubwa, mwaka 1958 vijana wa kizungu waliwapiga watu weusi kwenye mitaa hii hii, wakavunja nyumba zao. Januari 1959 Claudia Jones, mama wa Trinidad, akaandaa kanivali ya kwanza ndani ya ukumbi wa St Pancras, watu wapate kuinua vichwa. Mwaka 1966 Rhaune Laslett, mwanaharakati wa mtaa huu, akaitoa barabarani, sherehe ya watoto wa mtaa. Ukiwaambia sasa wakalipie kiingilio bustanini, unawatoa kwenye barabara walizozipata kwa shida.

Mwanaidi London: Na jambo moja mlione. Saa tisa alasiri muziki wote unazimwa kwa sekunde 72, kwa ajili ya watu 72 waliokufa kwenye moto wa jengo la ghorofa la Grenfell 2017. Jengo liko hapa hapa jirani. Spika zile zinazotikisa vioo zinanyamaza, malori yanasimama, mpishi wa kuku anaweka koleo chini. Unasikia mtoto analia mtaa wa pili. Hilo sijawahi kuliona kwenye habari za saa mbili.

Shangazi Mwajuma: Subhanallah.

Faraji: Anti Mwanaidi shikamoo. Kwa hiyo tunaenda au hatuendi? 🙏🏾

Mama Rayan: Faraji subiri wakubwa wamalize.

Mwanaidi London: Marahaba Faraji. Wifi, mimi kwa ushauri wangu nendeni Jumapili, Jumatatu hapana. Fikeni saa tano. Stesheni ya Ladbroke Grove imefungwa siku zote mbili, msiitegemee. Kaeni pembezoni, penye mtaa wa kutokea nyuma yenu, mbali na spika. Watoto wavae vizuia sauti masikioni. Namba yako iandike mkononi mwa Rayan kwa kalamu isiyofutika, maana simu pale hazishiki. Sekunde 72 zikiisha, ondokeni. Na mkiona mmeanza kugusana mabega mbele na nyuma, tokeni saa ileile, msingoje lori lipite.

Mwanaidi London: Faraji, mkishabanwa: mikono mbele ya kifua, usishindane na wimbi, likitulia sogea kimshazari kuelekea ukingoni. Kitu kikianguka usiiname kukiokota. Hata simu.

Faraji: Sawa anti.

Shangazi Mwajuma: Mama Rayan, mtoto mdogo umbebe. Asitembee.

Mama Rayan: Inshallah shangazi.

*Jumanne, Agosti 26, 2025*

Baba Mkubwa: Nimesoma waliokamatwa wamepita 500! Mwaka jana hawakufika 350. Hali imezidi kuharibika.

Mwanaidi London: Shikamoo Baba Mkubwa. Tusome vizuri. Mwaka huu hakuna aliyeuawa, alhamdulillahi. Na katika hao waliokamatwa, wengine wamenaswa na zile kamera njiani kuingia, watu waliokuwa wakitafutwa tangu zamani. Ukiweka wavu mpana utavua wengi. Hesabu hiyo peke yake haikwambii kama mtaa ulikuwa salama.

Mama Rayan: Sisi tulitoka baada ya ile kimya. Rayan aliuliza kwa nini watu wazima wanalia.

Shangazi Mwajuma: Alhamdulillah mmerudi. Na wewe Mwanaidi, kazi ilikwendaje?

Mwanaidi London: Jumapili nzuri. Jumatatu saa kumi na nusu kona yetu ilijaa. Kuna binti wa miaka kama 16, ana pumu, pampu yake imebaki kwa rafiki yake upande wa pili wa lori. Tulimwona, midomo imebadilika rangi, hatua kumi tu kutoka tulipo, na hatufiki. Njia tuliyopewa ya kupitisha machela ilikuwa na vizuizi vya chuma, na watu wamevikalia. Mzee mmoja muuza mahindi akatuachia nafasi nyuma ya jiko lake tukapita hapo. Tukampata. Alipona.

Idrissa: Mungu mkubwa.

Mwanaidi London: Msimamizi wa kona ile alikuwa kijana mmoja tu. Alijitahidi mpaka sauti ikakauka. Alihitaji wenzake watano wa kumsaidia.

Baba Mkubwa: Hilo umeripoti?

Mwanaidi London: Kwa kiongozi wetu, ndiyo. Sasa namwandikia diwani wangu, kwa sababu zile 958,000 zilikuwa za mwaka huu, na za mwakani zikitolewa tena mwezi wa saba tutarudi palepale. Nataka zipangwe kabla ya Krismasi.

Baba Mkubwa: Andika leo. Weka saa, weka jina la mtaa, sema njia ya machela ilizibwa na nani na kwa muda gani. Ukimaliza nitumie niisome kabla hujapeleka.