Nani alimrudisha kundini?

*Kikundi: Ukoo wa Babu Magesa. Jumamosi jioni.*

Neema (Ohio), 19:52
Shikamooni wakubwa wangu. Wadogo mambo? Leo nina jambo limenikaa kooni, naomba nilitue hapa.

Baba Mkubwa (Shirati), 19:55
Marahaba mwanangu. Tua.

Neema, 20:03
Mnajua nakaa Wooster. Leo nimempeleka yule bibi ninayemhudumia kununua mboga kwa Waamishi, upande wa Apple Creek, hapa jirani tu. Tukiwa njiani akaniambia kuna mama aliuawa huku kitandani kwake, na mume alikuwa anajua. Nimerudi nimesoma habari yake mpaka macho yanauma.

Daudi (Mwanza), 20:04
Waamishi ndio wale wa vigari vya farasi?

Neema, 20:09
Ndio hao, ni dhehebu la Kikristo. Hawamiliki magari, umeme wa gridi hawauvuti, shule wanaishia darasa la 8. Wakitaka kwenda mbali wanamlipa mtu wa nje awaendeshe. Talaka hawana kabisa.

Neema, 20:17
Mama mwenyewe ni Barbara Weaver, miaka 30, watoto 5. Tarehe 2 Juni 2009 alipigwa risasi ya kifuani akiwa amelala, watoto wake wakiwa humo humo ndani ya nyumba. Mume wake, Eli, alikuwa ameenda kuvua samaki Ziwa Erie na wenzake. Aliyefyatua ni mwanamke anaitwa Barbara Raber, naye mke wa mtu, dereva aliyekuwa akiwaendesha Waamishi. Alikuwa hawara wa Eli. Fikirieni, marehemu na muuaji jina moja.

Mama Daudi, 20:18
Eeh Mungu wangu 😢 na watoto mle ndani!

Baba Mdogo (Tarime), 20:21
Walikamatwaje? Mume ana ushahidi kwamba alikuwa ziwani, watu wamemwona. Hapo kesi huwa inakufa.

Neema, 20:24
Simu, Baba Mdogo. Yule mwanamke alimpa Eli simu kwa siri, na kompyuta. Walikuwa wakiandikiana meseji namna ya kumuua, mara sumu, mara hivi. Polisi walizipata.

Baba Mdogo, 20:28
Nilijua. Nimekaa upelelezi miaka 22, wauaji wa mapenzi hawawezi kunyamaza. Lazima waambiane. Hukumu?

Neema, 20:33
Ndipo panaponiuma. Eli alikiri kosa la kushiriki, akakubali kusimama kizimbani kutoa ushahidi dhidi ya yule mwanamke. Akapewa miaka 15 hadi maisha. Mwanamke alipinga mashtaka, kesi ikasikilizwa hapa Wooster, akapata miaka 23 hadi maisha.

Bhoke, 20:34
Yaani mwenye mke kapata pungufu???

Baba Mdogo, 20:40
Bhoke, upande wa mashtaka unahitaji shahidi. Bila yule mume, pengine wote wawili wangetoka. Kwetu kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kingewasubiri wote kwa kitanzi, lakini kifungu bila ushahidi ni karatasi. Mimi pia sipendi. Mtu aliyeacha mkewe amelala akaenda kuvua, huku anajua kitakachoingia chumbani, huyo kwangu ndiye wa kwanza. Ila ndivyo kesi zinavyoshinda.

Neema, 20:49
Mimi hata hukumu sikuitaka sana. Kuna jingine. Huyu Eli alishaondoka kwenye kanisa lao mara mbili kabla ya hapo. Aliacha mke na watoto akaenda kuishi na watu wa nje. Mara zote mbili alirudi, akatubu, akasamehewa, akarudishwa kundini. Na Barbara akampokea. Angefanya nini? Kwao mtu aliyetubu mbele ya kanisa hakumbushwi tena kosa lake, limefutwa. Basi nauliza wakubwa: ule msamaha ulikuwa wa nani? Nani alimuuliza Barbara?

Baba Mkubwa, 21:06
Mwanangu, nakujibu taratibu kwa sababu hawa watu ni ndugu zetu wa damu ya imani. Wamisionari waliofika hapa Shirati mwaka 1934 walitumwa kutoka Lancaster, Pennsylvania, na babu yako alibatizwa kwa mkono wao. Waamishi na sisi Wamennonite tulikuwa kitu kimoja mpaka 1693, tulipogawanyika kule Ulaya. Na mgawanyiko wenyewe ulihusu jambo hili hili! Jakob Ammann alitaka aliyekosa atengwe kabisa, hata mezani asile na wenzake. Kwa hiyo usidhani wanasamehe kwa wepesi. Kutengwa kwao kunauma kuliko jela.

Baba Mkubwa, 21:15
Na usisahau Nickel Mines. Ni huko huko Lancaster. Tarehe 2 Oktoba 2006 dereva wa lori la maziwa, mtu wa nje, si Mwamishi, aliingia kwenye shule yao ya chumba kimoja akawatoa wavulana, akawapiga risasi wasichana 10. Watano walikufa, kisha akajiua. Siku ile ile, Waamishi walikwenda kwa familia ya muuaji kuwapa pole. Walikwenda kumzika. Mjane wake walimchangia fedha. Shule wakaibomoa baada ya siku 10, wakajenga nyingine. Tulisoma habari hiyo kanisani hapa, watu wakalia. Mama wa muuaji alikuja kuwa anamtembelea kila wiki msichana mmoja aliyeumizwa vibaya, anamuogesha, anamsomea. Niambie Neema, ni kabila gani duniani limefanya hivyo?

Mama Daudi, 21:17
Mimi nisingeweza. Nasema kweli mbele ya Mungu.

Daudi, 21:19
Hata mimi Baba Mkubwa, hiyo ni nzito.

Bhoke, 21:26
Baba Mkubwa kwa heshima zote. Kule Nickel Mines muuaji alishakufa. Waliosamehe ni baba na mama wa wale watoto, na waliyemsaidia ni mjane asiye na kosa. Hakuna aliyeambiwa akalale chumba kimoja na aliyemuumiza. Kwa Barbara waliosamehe ni wazee, na yeye ndiye aliyebaki na huyo mtu usiku.

Neema, 21:27
Bhoke umenitolea mdomoni.

Baba Mkubwa, 21:33
Lakini Bhoke, wazee wale hawakujua kama ataua. Walimwona mtu amepiga magoti analia. Kanisa likianza kukataa machozi ya wenye dhambi, litabaki na nani?

Baba Mdogo, 21:38
Kaka, hapo siko na wewe. Machozi nimeyaona mengi sana kituoni. Anayetubu unamwangalia mwaka mzima, humrudishii funguo siku hiyo hiyo. Na hawa ndugu zako wana tabia ya kumaliza mambo ndani. Ohio hiyo hiyo, mwaka 2011, genge la Sam Mullet lilikuwa linavamia Waamishi wenzao usiku linawakata ndevu. Kuna waliokatwa wakakataa kushtaki. Ilibidi serikali kuu iingie.

Mama Daudi, 21:40
Ndevu? Kisa?

Baba Mdogo, 21:42
Ugomvi wa kanisa. Kwao mwanamume akishaoa hanyoi ndevu, kwa hiyo ni kumvua heshima.

Shangazi Perusi (Musoma), 21:58
Nimekuwa nasoma tangu mwanzo. Nilikuwa nachambua dagaa, sasa nimenawa mikono.

Shangazi Perusi, 22:11
Neema umeuliza nani alimuuliza Barbara. Mimi nitajibu kwa ninachokijua. Watoto hamkujua haya. Mwaka 1988 nilikuja nyumbani kwa baba na mkono umevunjika, na kitinda mimba wangu Bhoke mgongoni, yule ambaye wewe Bhoke wa humu umepewa jina lake. Nilikaa wiki 3. Mume wangu akaja na wazee wake, akapiga magoti pale chini ya mwembe, akalia. Alilia kweli, sisemi aliigiza. Kikao kikakaa tangu asubuhi mpaka jua linazama. Nilikuwa jikoni nawapikia. Hakuna aliyeniita. Jioni mama akaja kuniambia fungasha, mambo yamekwisha, mumeo ameomba radhi.

Shangazi Perusi, 22:14
Nilifungasha. Njiani alikuwa mpole. Alikaa mpole mpaka kuvuna.

Bhoke, 22:15
Shangazi 😢

Shangazi Perusi, 22:22
Sikufa kama huyo Barbara. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyetangulia, kwa ugonjwa, mnajua. Na nilimsamehe, nataka mjue hilo. Nilimsamehe alipokuwa hawezi hata kushika kikombe, nikawa namnywesha uji kwa kijiko. Ule ulikuwa msamaha wangu, niliutoa mwenyewe. Lakini ule wa chini ya mwembe haukuwa wangu. Nilikuta umeshatolewa, kama ng'ombe wanavyotolewa zizini mwenyewe hayupo. Kwa hiyo nawaelewa wale wazazi wa Lancaster na namwelewa Barbara, wote. Kaka yangu asiwachanganye.

Daudi, 22:24
Dah.

Neema, 22:27
Shangazi, nasamehe kama nimefukua. Sikujua kabisa.

Shangazi Perusi, 22:29
Hujafukua. Ni kitu kilikuwa juu ya ardhi siku zote, watu wanakizunguka tu. Na wewe Neema usiseme nasamehe, sema nisamehe. Marekani imekuharibia Kiswahili.

Neema, 22:30
Nisamehe Shangazi ❤️

Mama Daudi, 22:41
Mbona kimya. Baba Mkubwa upo?

Baba Mkubwa, 22:56
Nipo.

Baba Mkubwa, 23:04
Perusi, mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kikao kile. Baba alikuwa mgonjwa, akaniachia. Nilikuwa na miaka 34. Nakumbuka chakula ulichotuletea, kuku na ugali wa mtama. Nakumbuka tulifunga kwa sala na nilisali mimi. Mkono wako sikuukumbuka mpaka leo ulipoutaja. Nimekaa hapa nje najaribu kuukumbuka, hauji.

Baba Mkubwa, 23:09
Mambo ya Nickel Mines ninayoyasema bado nayaamini. Lakini hili siwezi kuliongea kwenye simu mbele ya watoto. Jumatatu nitapanda basi la asubuhi nije Musoma.

Shangazi Perusi, 23:15
Njoo. Ila upite Tarime umchukue na mdogo wako, yeye ndiye aliyehesabu ng'ombe.

Baba Mdogo, 23:31
Nitakuwa stendi saa moja.